Sitaha ya Majina

Kitu kikishaoza ndani, na nje kikabaki kinang'aa, tukiite jina gani? Swali hilo lilimkaa Chausiku kooni kama mwiba wa samaki tangu siku alipopanda juu ya ile boti na mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini. Hakuumia. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angeumia angepiga kelele, watu wangekuja mbio, na angalau mmoja wao angetamka neno la kweli. Badala yake mguu uliingia polepole, kwa heshima, kama unaoingia kwenye sufuria ya uji uliopoa, na kule chini kukawa na ubaridi na harufu ya kabati lililofungiwa mashuka mabichi. Akabaki hivyo, mguu mmoja juu, mmoja ndani, mwanawe mgongoni anamvuta nywele, akitazama rangi ya bluu iliyokuwa inang'aa pande zote za tundu lake. Akajisemea: kumbe. Kumbe miaka yote tunaipaka hewa rangi.

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, ya zamani, ndefu kama nyumba ya kupanga yenye vyumba mstari mmoja. Ilikaa juu ya mapipa katikati ya uwanja, ndani ya ukuta wa mji ambao haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likaondoka pamoja na maji. Maji yaliondoka lini, hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Wengine walisema kabla babu zao hawajazaliwa. Wengine walisema Jumanne. Siku za mji ule hazikuwa na adabu: Alhamisi iliweza kuingia kabla Jumatano haijamaliza chai yake, na kuna Jumapili moja iliwahi kujikalia tu, watu wakaizoea kama wanavyomzoea mgeni asiyejua kuaga. Lakini jambo moja lilijulikana na wote. Maji yalipoondoka yaliahidi kurudi, na yakirudi hayatapiga hodi. Na boti ni hiyo moja.

Ndiyo maana kila mtoto alifungwa kwenye boti. Kitovu kikishadondoka, mtoto alibebwa mpaka uwanjani, akapandishwa juu ya sitaha, yaani ule uso wa juu wa boti watu wanaposimama, na Bi Zawena akatoa bisibisi lake lenye mpini wa pembe. Alikaza skrubu moja ya shaba, akizungusha taratibu na kutamka jina la mtoto kila mzunguko, mpaka kichwa cha skrubu kikalala sawa na rangi. Kisha alisema, "Umefungwa kwetu, una mahali pako," na watu wakapiga vigelegele na kunywa chai ya tangawizi. Asiye na skrubu hakuwa na nafasi siku ya maji. Sitaha yote ilikuwa vichwa vya skrubu, vya wazima na wafu, ukipita pekupeku unasikia majina ya watu yanakukwaruza nyayo.

Skrubu ya mwisho ilikuwa ya Mwatime, binti yake Chausiku. Chausiku mwenyewe alilia siku ile, kilio kizuri, cha mtu aliyeona mwanawe amepata kitu kisichoweza kunyang'anywa.

Sasa kuta za mji zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Sisimizi walikuwa wanahamia kwenye madari na mayai yao. Mwenyekiti akatangaza kwamba boti itazamwe, irekebishwe kidogo, na kwa kuwa Chausiku ndiye aliyesoma kazi ya faiba kwenye darasa la jioni, akiwa na mimba ya Mwatime, tumbo linagusa meza, akaitwa yeye. Akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Alikuwa na mtoto ndani ya mji huu. Angesema nini kingine?

*

"Uliniambia ubao mmoja," alisema mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Mwatime. Alikuwa amesimama chini ya boti na waya wa umeme begani, mwingine mkononi.

"Nilisema nadhani ubao mmoja."

"Jana ukasema miwili."

"Jana ilikuwa lini?"

Akafikiri. "Hapo umenishinda," akasema. "Haya, leo ni mingapi?"

Chausiku alikuwa amepiga magoti, anagonga sitaha kwa mpini wa nyundo, sikio karibu na rangi kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Palipo pazima husema *ko*. Palipooza husema *pwa*, sauti ya mtu aliyekubali jambo bila kulielewa. Aligonga kutoka mbele kwenda nyuma, pale injini inapofungwa. Ko, ko, pwa. Pwa. Pwa. Ko moja, ya kumdanganya. Kisha pwa nyingine mpaka mwisho.

"Baba Mwatime."

"Naam."

"Lete grainda. Na umchukue mtoto, umpeleke kule kivulini kabisa. Vumbi hili ni vioo vitupu, sitaki limguse."

Akavaa shati la mikono mirefu, akajifunga kitambaa puani, akakata. Alikata ngozi ya juu kwa mraba, akaipenyezea patasi, akaiinua kama kifuniko. Chini yake hapakuwa na ubao. Palikuwa na kitu cha kahawia kilichofanana na machicha ya nazi yaliyosahaulika kwenye kifuu, na alipokiminya kilitoa maji. Akachota kwa mikono. Akachota kwa kopo. Akakata mraba mwingine, na mwingine, na alipofika kwenye mihimili, ile inayopita chini kubeba uzito wote, kidole chake cha shahada kiliingia ndani yake bila kulazimishwa.

Maana sitaha ya faiba si kitu kimoja. Ni ngozi mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake ubao. Ngozi ya juu peke yake ni nyembamba kama kifuniko cha ndoo, na ya chini vivyo hivyo. Ni ule ubao ulio gizani, usioonekana na mtu, unaozishika mkono zote mbili na kuziambia msimame. Ubao ukifa, ngozi hazijui. Zinaendelea kung'aa, kusifiwa, kupigwa picha siku za sherehe. Na Chausiku, akiwa amekaa juu ya machicha yale na suruali imelowa, alianza kujiuliza mambo ambayo mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya hana muda wa kujiuliza. Je, mji nao uko hivi? Je, mimi? Ipo ngozi yangu ya juu, inayosalimia watu na kuulizia za asubuhi. Ipo ya chini, inayosubiri maji. Katikati kuna nini, na ni nani alikigonga mara ya mwisho?

Ubao ulikuwa umekufa kwa kunywa. Na ulikunywa wapi? Alichukua kipande cha ngozi ya juu, akakiinua kwenye jua. Mwanga ukapita kwenye matundu ya skrubu, tundu baada ya tundu, kila moja dogo, safi, lenye jina. Mvua za miaka zilishuka humo humo, kidogo kidogo, kando ya kila mtoto aliyependwa.

Akakishusha kile kipande haraka, akatazama kama kuna mtu ameona.

*

*Kidogo.* Nani aliwatia watu wa mji huu neno hili mdomoni. Nguo ikichanika, imechanika kidogo. Ukuta ukilala, umelala kidogo. Rekebisha kidogo, pachika kidogo, usichimbe sana mama, utachokoza. Mwanangu akizama mtasema amezama kidogo. Mtasimama pale juu ya paa la soko mtikise vichwa, kidogo.

*

Mwenyekiti alifika na ndoo ya rangi. Mwenyekiti wa mji ule alikuwa na joho moja na nyuso nyingi. Joho lilirithiwa, halikupunguzwa wala kuongezwa, na nyuso zilipita ndani yake kama abiria, kiasi kwamba aliweza kuanza sentensi ana masharubu akaimaliza hana. Watu hawakujali. Waliamkia joho.

"Habari za kazi, Mama Mwatime."

"Kazi ndiyo hii, Mheshimiwa, unaiona."

"Naona umetoboa."

"Sijatoboa. Nimefungua. Matundu nimeyakuta."

"Nilipokabidhiwa boti hii ilikuwa nzima."

"Ulipokabidhiwa ulipanda juu?"

Mwenyekiti alishangaa kwa dhati. "Mwenyekiti hapandi juu. Mwenyekiti anapaka rangi."

Alilisema bila aibu, kama mtu anavyosema kuku anataga. Na ni kweli, ndiyo ilikuwa kazi. Kila uso ulioingia ndani ya joho ulipaka boti rangi siku ya kwanza. Chausiku alichukua kile kipande alichokata, akamsogezea ukingo wake. "Tazama hapa. Bluu yako hii. Chini yake kijani cha mwenzako. Nyekundu. Njano. Nyeupe, halafu bluu tena. Rangi ni nene kuliko faiba yenyewe."

Mwenyekiti aliinama, akatazama yale matabaka kwa muda mrefu, na uso uliokuwa ndani ya joho ukalainika. "Kweli tumefanya kazi kubwa," akasema.

Kule kivulini Baba Mwatime alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Chausiku alifumba macho.

"Mheshimiwa. Boti hii ikiguswa na maji leo, watu wakipanda, itakunjika katikati kama chapati. Lazima nifungue sitaha yote. Nitoe uozo wote, nianike, niweke plaiwudi mpya, nifunike upya kwa faiba na resini, ile gundi inayoganda ikawa jiwe. Na skrubu zote zitoke."

Hapo hata ndoo ya rangi ilionekana kusikia. Mwenyekiti aliiweka chini. "Zote," alisema.

"Zote. Ndizo zilizopitisha maji."

"Mimi neno hilo sijalisikia," alisema, akabadilika uso kabla ya kugeuka, ili liwe kweli.

Ila mji ulilisikia. Kabla ya jioni, au ya siku nyingine iliyojifanya jioni ile, watu walijaa uwanjani, na mbele yao Bi Zawena na bisibisi lake kiunoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unataka kung'oa watu."

"Nataka kung'oa skrubu, Bi. Watu nataka wabaki."

"Nani kakuonyesha tofauti?" Bi Zawena hakusema kwa ukali. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mikono iliyonukia mafuta ya nazi na shaba. "Mimi nimewafunga hawa wote. Wewe nimekufunga, mama yako nimemfunga. Unafikiri ni shaba tu ile?"

Hapo ndipo Baba Mwatime, ambaye hakuwahi kuupita ukimya bila kuutania, alipojitokeza. "Bi Zawena, nianze mimi. Yangu iko kule nyuma kwenye shetri, imeshaanza kuota kijani. Nitoe, nikipotea mke wangu apate kupumzika."

Watu wakacheka. Bi Zawena hakucheka. Alikwenda, akainama kwa shida, akaizungusha skrubu kinyume, na ilipotoka ilifuatwa na tone la maji ya kahawia. Baba Mwatime akabaki amesimama na tabasamu lile lile, lakini sasa halikuwa na mwenyewe.

"Haya," alisema Chausiku. "Umeona? Hakuna kitu."

"Dada," mumewe alimuuliza kwa adabu, "samahani, mimi naitwa nani?"

Chausiku alidhani anatania. Akamtazama machoni, akakuta hatanii. Mume aliketi juu ya pipa, akajigusa mifuko kama aliyepoteza funguo, huku Mwatime akimpanda mapajani na kumvuta ndevu. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha boti kilipohama upande mwingine, kisha akapiga kofi goti lake, akasema, "Hamduni. Hamduni bin Mbwana. Lilikuwa hapa hapa, mama wee, chini ya lile jina langu la utani la mpirani." Akaomba maji ya kunywa.

"Mtu mzima ana pembe nyingi za kulitafutia," alisema Bi Zawena, akimwambia Chausiku peke yake, kwa sauti ya chini. "Ana madeni, ana utani, ana maadui. Litarudi. Lakini mtoto ambaye meno hayajatimia, ana skrubu tu. Ukiitoa, utamwita, na hatageuka. Sikutishi, mwanangu. Nakwambia nilichofundishwa na aliyenikabidhi bisibisi."

Na Mwatime alikuwa amejifunza kulitamka jina lake majuzi tu. *Time*, alikuwa anasema, akijipiga kifuani, *Time*, na kila akilisema alicheka kwa mshangao, kama aliyejikuta kwenye kioo.

*

Basi watu walipanda juu ya boti. Hawakuja na magongo, walikuja na viti. Kila mmoja aliweka kigoda chake juu ya skrubu ya wa kwake akakaa, na kila mmoja alimwita Chausiku pembeni kwa sauti ya kirafiki, wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Fanya kazi yako mama, wala hatukuzuii. Toa zote. Ila hii ya kijana wangu, iache. Tundu lenyewe dogo."

"Mimi na wewe ni majirani. Toa zote. Hii ya marehemu tu."

"Ya kwangu imekaa kona, maji hayafiki kona."

Alifanya kazi katikati ya miguu yao. Unafahamu adha ya kudeki chumba ambacho wageni wamekataa kunyanyua miguu? Ndiyo hiyo, pamoja na grainda. Alikata ukanda mwembamba kati ya kigoda na kigoda. Alichimba machicha chini ya watu wanaokunywa chai, wakamwambia pole na kumdondoshea makombo ya maandazi ndani ya shimo. Alianika ngozi ya chini mpaka ikakauka, akasugua kwa msasa, akachanganya resini na dawa yake ya kugandisha, akalaza vipande vya plaiwudi, akatandika kitambaa cha faiba na kukilowesha kwa brashi mpaka kikawa kama maji yaliyoganda. Kilipokauka aligonga. Ko. Sauti nzuri kama mlango wa mtu anayekutaka ndani. Kisha akagonga hatua moja pembeni, chini ya kigoda. Pwa.

Kila alipomaliza aliosha mikono na shingo kwa maji baridi na sabuni, akabadilisha kanga, ndipo akamchukua mwanawe kumnyonyesha, akinusa utosi wake ulionuka jasho tamu. Huo ndio muda pekee ambao hasira ilimtoka. Akawaza: wote wanapenda. Hilo ndilo gumu. Angekuwapo mwovu mmoja katika habari hii ningeshamkata kwa grainda nikaenda kulala. Lakini uozo huu umeletwa na vigelegele. Kila mmoja ana tundu moja tu, na tundu moja halizamishi boti, na ni kweli halizamishi, ndiyo maana hakuna wa kumlaumu, na ndiyo maana tutazama.

Jumatano ilipita. Baadaye ikapita Jumatano iliyokuwa nyuma yake. Sisimizi walimaliza kuhama. Kwenye kisima cha mji ndoo zilianza kugusa maji kabla kamba haijanyooka.

*

Siku aliyochoka kabisa, aliiweka grainda chini katikati ya sitaha, akawaambia watu waliokaa.

"Nisikilizeni. Nimefungua kila mahali ninapoweza kufungua. Waliobaki ni nyinyi. Mmekalia matundu. Mimi nashona nguo, nyinyi mmeshika mikasi, halafu mnaniuliza kazi inakwendaje. Kazi haiendi. Kama kuna mtu anadhani anampenda mwanawe kuliko mimi ninavyompenda wangu, anyanyue mkono, nimpe hii brashi akamalizie."

Kikombe kikawekwa kwenye kisahani. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele, aliyekaa juu ya skrubu za mapacha wake, akanyoosha kidole polepole.

"Na hicho kisiwa?"

Chausiku akageuka. Karibu na ubavu wa kushoto, katikati ya faiba mpya yenye rangi ya asali, palikuwa na kipande cha rangi ya bluu kikubwa kama sinia. Kazi yote ilikizunguka kwa ustadi, ukingo wake umenyooka, hakuna kigoda juu yake, hakuna mtu. Katikati yake skrubu moja, mpya, inang'aa.

"Hapo ni pazima," alisema Chausiku.

"Uligonga?" aliuliza Bi Zawena.

"Niligonga."

Lakini mkono wake ulijua. Mkono uligonga sitaha yote kutoka mbele mpaka nyuma, na kila ulipofika pale uliinuka wenyewe, ukaruka, ukatua upande wa pili kama mtu anayevuka mtaro mdogo. Alikuwa hajapagonga hata mara moja. Alizunguka hapo kwa grainda, kwa msasa, kwa brashi, siku zote zile, akiwalaani wenye vigoda, na kigoda chake mwenyewe hakukiona kwa sababu hakikuwa na miguu.

*Pazima kwa nani. Pazima kwa kuwa ni pangu. Kumbe joho ni jepesi hivi, mtu analivaa na hajui. Kumbe na mimi nimepaka.*

Uso ulimwaka. Alitamani wamcheke, na walikuwa na haki, ila hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama nyundo mkononi mwake. Akaenda, akapiga magoti, akageuza mpini, akagonga.

Pwa.

"Baba Mwatime," aliita bila kuinua kichwa. "Mlete."

"Mama Mwatime, tunaweza tukasubiri kidogo..."

"Usiniambie neno hilo."

Akamleta. Mtoto aliwekwa chini, akakaa kwa matako yake mafupi pembeni ya kisiwa, akaona kitu kinachong'aa, akakigusa kwa kidole. Chausiku akanyoosha mkono kwa Bi Zawena, na Bi Zawena, baada ya kusitasita, akalichomoa bisibisi la mpini wa pembe, akampa. Hakuna aliyewahi kulishika zaidi yake. Lilikuwa la moto, kama kitu kilichotoka kwapani.

Alizungusha kinyume. Kila mzunguko alilitamka jina moyoni, kama lilivyotamkwa likiingia. Skrubu ilikuwa laini, haikushikilia kitu. Haikuwa imefungwa popote. Baada ya mizunguko michache ikatoka yenyewe, ikalala kiganjani, na kwenye tundu yakapanda maji ya kahawia, yakajaa, yakamwagika kwenye rangi, yakachora mstari mwembamba mpaka kwenye mguu wa mtoto.

"Mwatime," aliita Chausiku.

Mtoto alikuwa anatazama mstari wa maji.

"Mwatime. Mama yangu. Unaitwa nani wewe?"

Hakugeuka. Hakujipiga kifuani. Baba yake akaita pia, kwa lile jina la mzaha analomwita wakioga, wala hakugeuka. Chausiku akakaa palepale, skrubu imemchimba kiganja, na kitu ndani yake, kati ya ngozi na ngozi, kilisimama. Hakikujikunja. Kilimuuma vibaya sana, na kilisimama. Akachukua grainda.

Alipoinua uso, yule mama wa mapacha alikuwa amenyanyuka, amekigeuza kigoda chake miguu juu, anaazima bisibisi. Nyuma yake mzee aliyeiombea skrubu ya marehemu. Nyuma yake yule aliyesema maji hayafiki kona. Hakuna aliyetoa hotuba. Walianza kuchomoa, na juu ya boti ile kukawa na watu wameketi wamesahau majina yao, wanaulizana kwa upole, wewe ni nani, na mimi je, wanasaidiana kubeba machicha kwenye ndoo. Hata Mwenyekiti alipanda. Alikanyaga joho akajikwaa, akalivua ili achote vizuri, na waliokuwa karibu walishangaa kumwona ni mtu wa kawaida, ana kitambi, hana uso zaidi ya mmoja.

Siku ile, iwe ni Jumatano au nini, ilikubali kukaa. Haikuondoka mpaka plaiwudi ya mwisho ilipolazwa.

"Sasa majina tutayaweka wapi?" aliuliza Bi Zawena, amebeba kopo la skrubu kifuani kama mtoto.

"Hapa hapa, Bi. Tazama." Chausiku alimwonyesha kwenye kipande cha majaribio. "Unatoboa tundu kubwa kuliko skrubu. Unalijaza resini, unaacha igande iwe jiwe. Ndipo unatoboa katikati ya jiwe, unakaza. Skrubu inashika jiwe, haigusi ubao kabisa. Maji hayana pa kupita."

Bi Zawena alipapasa kile kipande kwa kidole gumba, muda mrefu. "Kwa hiyo mtoto anafungwa mara mbili," alisema.

"Mara mbili, Bi."

"Na siku zote tulikuwa tunaharakisha tuwahi chai." Akasonya, kwa kuudhika, ila si na Chausiku.

Palibaki kisiwa tu. Chausiku alikifunika mwenyewe, kitambaa juu ya kitambaa, akapitisha brashi ya mwisho, akayajaza matundu yote resini, la Mwatime la mwisho kabisa. Juu ya sitaha nzima palikuwa na unyevu wa rangi ya asali usiotakiwa kuguswa. Watu walishuka, wakaketi chini kuizunguka boti, wengine wameshakumbuka majina, wengine bado, wameshikana mikono tu. Chausiku aliosha mikono. Akabadilisha kanga. Akamchukua mwanawe, akamweka nyongani, na hakuthubutu kumwita.

Mtoto alinyoosha kidole.

"Maji," alisema. Neno jipya, hajawahi kulisema.

Kwanza Chausiku alitazama pale alipozoea kutazama, kwenye tundu. Halikuwa na maji, limejaa resini, linang'aa. "Hapana mama, yameisha," alinong'ona. Kisha, kwa kuwa jina lilimponyoka: "Yameisha, Mwatime."

Mtoto akageuka. Aligeuza kichwa chote, akamtazama mamaye machoni kwa uso uliokunjamana, uso wa mtu aliyechoka na wasiosikia, uso ambao Chausiku aliujua kwa sababu ulikuwa wake. Akashika kidevu cha mamaye kwa vidole vyake vyenye mate, akakielekeza kwenye lango la mji.

"Maji," alirudia.

Chini ya lango, bila hodi, ulikuwa umepita ulimi mwembamba unaong'aa, unanusa vumbi la uwanja, unakuja taratibu kwenye mapipa. Watu wakasimama. Baba Mwatime akaanza kusema kitu, akaacha. Chausiku alimhamisha mtoto nyonga nyingine, akaenda mpaka ulipofika ule ulimi, akasimama mbele yake, vidole vya miguu karibu vilowe, akanyoosha kiganja kilichokuwa bado na alama ya skrubu.

"Subirini," aliyaambia maji. "Resini haijakauka."